Pedali Tatu za Maman Bibiane

Mama mkubwa Adèle alipiga simu kutoka kisiwa cha Idjwi asubuhi moja ya Jumamosi, nikiwa naanika nguo. Alikuwa anabadilisha paa la nyumba yake, na mafundi walipong'oa mabati ya zamani walikuta juu ya dari sanduku refu jeusi, limefungwa kamba. Walidhani ni silaha za vita. Walishuka mbio, mmoja akaacha kiatu chake huko juu. Ilibidi mama mkubwa apande ngazi mwenyewe, na umri wake wote ule, akalifungue.

"Ambia mama yako gitaa yake iko," akaniambia. "Ile ya kulala. Panya hazikuikula."

Mama alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilipomweleza, mchi ukabaki umesimama ndani ya kinu, mikono yake miwili juu yake.

"Iko na pedali zake zote?" akauliza.

Habari ya pedali sikuwahi kuisikia. Mimi Élodie, mtoto wake wa pekee, nilijua kwamba zamani Mama alikuwa mwanamuziki kama vile mtu anavyojua kwamba babu yake alikuwa na ng'ombe wengi: ni habari ya nyumbani, haina uso. Bibiane Cibalonza niliyemfahamu mimi ni fundi cherehani. Nusu ya sare za wanafunzi wa Nguba, mtaa wetu hapa Bukavu, zimepita mikononi mwake. Redio ikipiga rumba ya zamani, alikuwa anainuka na kwenda kutafuta kazi ya kufanya chumba kingine.

Boti lilileta sanduku siku chache baadaye. Tulilipokea bandarini, tukaliweka kwenye barza mbele ya nyumba, na Mama akakata kamba kwa mkasi wake wa kazi, ule ambao haturuhusiwi kukatia kitu chochote kisicho kitambaa.

Gitaa lile halishikwi kifuani. Ni kama meza nyembamba ya mbao yenye miguu minne ya chuma, na nyuzi kumi zimelala juu yake. Mpigaji anaketi nyuma yake: mkono wa kushoto unatelezesha kipande kizito cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unachuna, na chini kuna pedali tatu, kila moja imeunganishwa na tumbo la gitaa kwa fimbo ya chuma. Ukikanyaga pedali, fimbo inavuta, na uzi ambao tayari unalia unapandisha sauti yake taratibu, mbele ya masikio yako, kama mtu anayebadilisha wazo katikati ya neno.

Mama alilipata kwa Mmarekani mmoja, mwalimu wa ufundi, ambaye bibi yangu alikuwa anamfulia nguo. Mama alikuwa binti wa miaka kumi na saba, anamsaidia bibi kubeba mabeseni, na akisikia sauti ile anasimama mlangoni na beseni kichwani. Mwalimu akamwita aketi, akamfundisha kupiga. Alipomaliza kazi yake Bukavu na kurudi kwao, alisema ndege haiwezi kubeba gitaa pamoja na vitabu vya mke wake, na mke ndiye aliyeshinda; gitaa akamwachia Mama. Hivyo ndivyo Mama alivyoingia katika bendi, orchestre Écho ya Nguba, mwanamke pekee kati ya wanaume saba. Walipiga kila mwisho wa wiki, huku mjini na kule Kadutu, kwenye ndoa, kwenye baa za kando ya ziwa. Mwimbaji wao alikuwa Donatien.

Vita vya 1996 vilipofika, orchestre ilitawanyika kwa siku moja. Mimi nilikuwa na miaka saba. Tulivuka kwenda Idjwi, na kitu ninachokumbuka kuliko vyote ni kwamba nilikaa juu ya sanduku jeusi ndani ya mtumbwi, na Mama aliniambia nisitikisike. Tuliporudi Bukavu sanduku lilibaki. Mwanzo hakulifuata kwa sababu ya hofu, halafu kwa sababu ya kazi, halafu kwa mazoea tu. Donatien naye alikuwa ameteremkia Luberizi, kule bondeni, kijijini kwa mke wake, kulima mpunga. Kila mmoja alisikia kwamba mwenzake yuko hai, ikatosha.

Sasa Mama aliinama mbele ya gitaa lake, akaanza kulipapasa kama anayemkagua mtoto aliyeanguka. Mbao ilikuwa nzima. Nyuzi zilikuwa zimeoza, lakini nyuzi zinanunuliwa. Shida ilikuwa chini. Pedali ya kwanza ilikuwa na ufa toka upande hadi upande. Ya pili ilicheza kulia na kushoto kama jino la mtoto. Ya tatu ilining'inia tu, fimbo yake imekatika kwa kutu.

"Basi," Mama akasema, akajaribu kucheka. "Iko sawa na mimi. Juu ni muzuri, shida iko mu miguu."

Fundi mmoja wa kulehemu alishauri tuziunganishe zote tatu kwa moto zisicheze tena. Mama alimwonyesha mlango kwa adabu. Ndipo nikamkumbuka Guy Bisimwa. Tulisoma darasa moja, na sasa anafanya kazi katika atelier inayotengeneza miguu ya bandia kwa watu waliokatwa. Nilimwambia tu kwamba nina kitu chenye miguu minne na hakitembei.

Alikuja Jumamosi iliyofuata. Alilala chali kwenye saruji ya barza, kichwa chini ya gitaa, na tochi ya simu mdomoni. Aligusa kila chuma huko chini mpaka Mama akaanza kuhangaika.

"Maman," akasema hatimaye, "nani alikuwa anapenda sana hii ya katikati?"

"Ju ya nini?"

"Iko imekulwa kuliko zingine. Chuma imesugua tundu mpaka tundu imekuwa kama yai. Ukikanyaga, inatembeaka bure kwanza, kisha njo inashika."

"Ni mimi," Mama akasema. "Ile njo ya nyimbo za Donatien."

Guy alitaka kulibeba gitaa alipeleke atelier, ambako kuna mashine. Mama alikataa kabisa. "Ilienda Idjwi ju ya wiki moja," akasema, "ikakaa karibu miaka makumi tatu. Haitoke tena hapa." Kwa hiyo Guy ndiye aliyekuwa akija. Alikuwa anafunga jiliwa lake dogo la kubania chuma kwenye ukingo wa meza ya kushonea, Mama anasukuma vitambaa upande mmoja, na barza yetu ikawa na harufu ya mafuta ya mashine.

Pedali yenye ufa haikuponyeka. Guy aliichora kwenye katoni, akakata nyingine kutoka kwenye bamba la alumini, akaipiga tupa mpaka mgongo wake ukapata mviringo ule ule wa zamani. Fimbo zilimshinda mwanzoni. Alijaribu spoki za baiskeli, zikapinda mara tu Mama alipokanyaga. Akaleta spoki za pikipiki, ambazo ni nene, na zina hesi mwishoni, kwa hiyo unaweza kuzirefusha au kuzifupisha kwa kuzungusha nati. Hizo zilikubali.

Vile vyuma vya pedali vilivyolika matundu alivitoa akakata vipya, na kwa matundu yao alitumia plastiki nyeupe ngumu, ile wanayotengenezea miguu pale kazini. Alichonga vipete vidogo, akavigongomea ndani ya matundu, na chuma kikazunguka ndani yake bila kelele.

"Kumbe sasa gitaa yangu iko inatembea na muguu ya bandia," Mama akasema.

"Maman, hii plastiki inabebaka mutu wa kilo mia moja," Guy akamjibu. "Itakubeba na weye."

Zikabaki springi za kurudisha pedali juu. Guy alileta za pikipiki, zilikuwa na nguvu kupita kiasi. Mama alikanyaga kwa uzito wake wote, uso ukamkunjika kwa maumivu ya kifundo, pedali haikushuka hata nusu. Alileta nyingine, zikawa legevu, pedali inashuka lakini hairudi. Mama alimtazama akihangaika, kisha akainuka, akaingia stoo, akarudi amebeba kichwa cha cherehani yake ya kwanza, iliyokufa zamani na ambayo hakuwahi kukubali tuiuze.

"Angalia mu tumbo ya huyu," akasema.

Zilikuwamo springi mbili zilizofaa. Ya tatu Guy aliikata kutoka kwenye kiti cha zamani cha ofisi.

Jumamosi zile nilimsikia Mama akiongea kuliko alivyowahi kuongea maisha yangu yote. Guy anapiga tupa, yeye anamsimulia. Alimweleza jinsi alivyokuwa anapiga akiwa amevaa kiatu mguu wa kulia tu, kiatu cha kisigino, kizuri, kilichotoka Bujumbura. Wa kushoto uko wazi, kwa sababu soli ilimzuia kuisikia pedali.

"Batu bengine balikuwaka banakuya kuangalia ile muguu tu," akasema. "Banakaa mbele, bananunua bière, na musiki habaisikie hata kidogo."

"Na papa yake Élodie?" Guy akauliza.

"Ule alikuwa anakaa nyuma. Alikuwa anafunga macho." Baba alifariki kabla sijajua kutembea, na sikuwahi kusikia kwamba alikuwa anafunga macho. Niliingia jikoni kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Siku Guy alipokaza nati ya mwisho, umeme ulikuwa umekatika. Mama hakutaka kungoja. Alivua kandambili ya kushoto, akavaa kucha za chuma kwenye vidole vya kulia, akatelezesha chuma juu ya nyuzi mpya. Bila umeme gitaa lile linanong'ona tu. Nilipiga magoti nikaweka sikio juu ya mbao. Mama alichuna, akakanyaga pedali ya katikati, na nikasikia sauti inapanda karibu kabisa na shavu langu, laini, bila kukwama popote. Halafu umeme ukarudi, spika aliyokuwa ameileta Guy ikaamka, na jirani yetu akatoa kichwa juu ya ukuta.

Mama alipiga mpaka vidole vikavimba. Alikosea sana. Alikuwa anakosea, anatikisa kichwa, anarudia. Mwisho akafuta nyuzi kwa kitambaa, akasema, "Donatien, lazima asikie hii."

Namba yake tuliipata kwa mwanamke mmoja anayeleta mchele kutoka bondeni. Mama aliweka simu kwa sauti kubwa juu ya meza.

"Ni nani?" sauti ya mzee ikauliza, na nyuma yake kuku wanalia.

"Ni ule wa kiatu moja," Mama akasema.

Kisha mzee yule akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na Mama naye machozi yanamtoka, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kusema neno mpaka simu ikakatika.

Walipopigiana tena, Donatien aliahidi kuja. Alikuja Jumapili, baada ya misa, na gunia dogo la mchele begani. Nilitarajia mtu mrefu. Donatien alikuwa mzee mdogo, mkavu, mikono imepasuka kwa maji ya mashamba, amevaa koti lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Yeye na Mama walishikana mikono muda mrefu.

"Bibi, umenenepa," akasema, akilifupisha jina la Bibiane kama zamani.

"Na weye umekauka kama samaki ya sambaza. Ikala, kula kwanza."

Hakutaka kula kwanza. Alikuwa ameliona gitaa. Alilizunguka, akamsalimia Guy, ambaye tulikuwa tumemwalika, akakaa kwenye kiti cha mbao karibu na kichwa cha gitaa. Baadaye Mama aliniambia ni upande ule ule aliokuwa anasimama zamani.

Wimbo waliouchagua ulikuwa wao wenyewe. Unamhusu mwanamke anayeuza vitunguu sokoni Minova, na mwanamume anayekuja kununua kila siku ingawa hapiki. Gitaa linaanza peke yake, linazunguka polepole, halafu Mama anakanyaga pedali ya katikati, sauti inapanda, na mwimbaji anaingia: *Colombe wa Minova, ni kitunguu kinaniliza ama ni weye?*

Mama alianza. Sauti ikapanda. Donatien alifungua kinywa, na alipotoa neno la kwanza gitaa lilikuwa limekwisha kupita. Walisimama, wakacheka. Wakaanza tena. Akachelewa tena. Safari iliyofuata aliwahi mno, akaimba kabla ya pedali, jina la Colombe likaanguka peke yake kwenye barza. Hakuna aliyecheka. Walirudia, na kila walivyorudia ndivyo alivyozidi kupotea.

"Tuache, Bibi," akasema. "Niko muzee sasa. Pumzi imeisha. Gitaa inanikuta bado niko na kinywa wazi."

Alitazama gunia lake la mchele kama mtu anayepima kama anaweza kuondoka bila kuonekana. Guy alikuwa ameinamisha uso. Mama alikanyaga pedali bila kuchuna nyuzi, akaiachia, akaikanyaga tena, anaitazama.

"Guy, ile chuma ya zamani ya katikati uliitupa?"

"Hapana, maman. Iko mu sac."

Akaitoa. Ilikuwa nyeusi, na tundu lake limelika upande mmoja kama Guy alivyosema siku ile ya kwanza. Mama alipitisha kidole kidogo ndani yake, akampa Donatien.

"Siyo pumzi yako," akamwambia. "Angalia. Hii tundu njo ilikuwa inakungoyaka."

Ilichukua muda tuelewe. Zamani, Mama alipokanyaga, pedali ilitembea bure kidogo kabla ya kuvuta uzi. Ilikuwa nafasi fupi sana, na ndani yake gitaa lilimngoja Donatien avute pumzi. Miaka yote ile yeye alidhani ndiyo namna yake ya kuimba, Mama akadhani ndiyo namna yake ya kupiga. Watu wa Bukavu waliwasifu kwa kuchelewa kule, wapigaji wengine wakajaribu kuwaiga na kushindwa. Guy alikuwa ameiondoa nafasi ile kwa plastiki nyeupe, kwa kazi nzuri kabisa.

"Naweza kuirudisha," Guy akasema haraka. "Natoa ile mupya, naweka ya zamani. Haichukue wakati."

"Usiharibu kazi yako ju yangu," Donatien akasema. Lakini alikuwa ameshika kile chuma kwa mikono miwili, na sauti yake haikuwa na nguvu ya mtu anayekataa.

Mama alifikiri. Nilijua anavyofikiri: ndivyo anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

"Acha vile iko," akasema mwisho. "Ile tundu ilikuwa inamungoya sawa sawa kila siku, kama alikuwa na furaha, kama alikuwa mugonjwa. Sasa ni mimi nitamungoya. Nitaangalia kifua yake."

Aligeuza kiti chake kidogo ili amwone. Akaanza upya, polepole kuliko mwanzo. Mimi nilitazama mguu wake, ule wa kushoto, wazi, wenye mishipa iliyovimba. Wimbo ulipofika pale, mguu uligusa pedali ukabaki hapo. Uzi unalia, unakaribia kufa. Mabega ya Donatien yakapanda, koti likavutika. Mguu ukashuka.

Akaingia.

Sauti yake ilikuwa imekwaruzika, na kwenye neno "Minova" ilipasuka kidogo. Lakini aliingia mahali pake, na gitaa likamchukua, na safari hii hakuna aliyekuwa mbele ya mwenzake. Beti ya pili alihitaji pumzi ndefu zaidi, Mama akampa. Beti ya tatu alihitaji fupi. Jirani alikuwa juu ya ukuta tena, na mke wake, na watu ambao siwajui walikuwa wamesimama barabarani.

Nilimtazama Mama. Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote, na nikawaonea wivu watu wale wa zamani waliokaa mbele na bière yao, hata wale wasiosikia muziki. Wao walimwona.

Walipomaliza, Donatien alifuta uso kwa mkono wa koti, akaomba maji. Guy aliinama chini, akakaza nati ambayo nadhani haikuwa imelegea. Nikaenda kutayarisha meza: ugali, sambaza, sombe.

Nilipokuwa napakua nikawasikia wakibishana kwenye barza. Kulikuwa na wimbo mwingine, wimbo wa mwisho waliokuwa wanautunga wakati orchestre inatawanyika, ambao haukuwahi kupigwa mbele ya watu. Mama alikumbuka mwanzo. Donatien alikumbuka kiitikio, na akadai beti ya pili ilikuwa inataja mvua. Mama akasema hapana, ni daraja.

"Mvua, Bibi."

"Daraja. Mvua ni weye uliipenda, tulikatala."

"Basi tuweke vyote. Mvua juu ya daraja."

Gitaa likalia kidogo, likanyamaza, likalia tena. Donatien akajaribu mstari, akaufuta, akajaribu mwingine. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni na sinia mkononi, na Guy, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi, akanionyesha kwa kidole nikae. Nikaweka sinia chini, nikafunika ugali kwa sahani, nikakaa kando yake.